Deni la Zamu ya Kitanda

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili na ishirini na tatu, majira ya kipupwe, ule wakati wa mwaka ambapo mvuke wa kiwanda cha kufulia hauwi adha tena bali huwa neema. Wanawake waliofika kazini asubuhi wakiwa wamejikunyata, mikono kwapani, walisimama kwanza mbele ya mashine kubwa ya kupigia pasi, wakaliacha joto liwapande kutoka miguuni hadi mabegani. Na kwa muda ule mfupi kila mmoja wao alikuwa mahali pengine, pasipojulikana na mtu.

Kiwanda hicho kilifua mashuka ya hoteli. Magunia yaliingia kwa mlango wa nyuma yamejaa usingizi wa watu wengine. Mashuka yalitoka kwa mlango wa mbele yamenyooka, hayamkumbuki mtu. Katikati palikuwa na mapipa ya kufulia, kamba za kuanikia uani, mashine ya pasi, na mwisho kabisa ukumbi wa kukunjia. Kukunja shuka la kitanda kipana si kazi ya mtu mmoja. Wawili hushika pembe mbili mbili, hurudi nyuma hadi kitambaa kivutike, kisha husogeleana mpaka vidole vya huyu viguse vya yule. Mmoja hupokea, mwingine huinama kuokota mkunjo wa chini, nao huachana tena. Mtu aliyewatazama kwa mbali, katika mvuke ule, angedhani kwamba wanacheza ngoma isiyo na mlio. Kiwandani wawili kama hao waliitwa pacha, hata kama mmoja alikuwa mrefu kama mlingoti na mwenzake mfupi kama nyundo.

Pacha wanaohusika na habari hii walikuwa Pasi na Taratibu. Pasi aliitwa hivyo kwa ajili ya ulimi wake: ukimgusa vibaya, unaungua. Sauti yake ilizishinda ngurumo za mashine, na msimamizi alipotaka jambo lisikike ukumbi mzima hakupiga kengele. Alimwomba Pasi aliseme. Taratibu alimzidi umri, mwanamke mnene kidogo, mtu asiyeikimbia hata mvua. Walikuwa wamekunja pamoja kwa muda mrefu sana, hata mmoja akipiga chafya, mwenzake aliinua kitambaa kwa wakati wake bila kutazama.

Walikuwa na mchezo wao. Pasi alidai kwamba kila shuka hubaki na tone la ndoto ya aliyelilalia, tone ambalo maji ya moto hayaliondoi, na kwamba mwenye vidole vizuri anaweza kulisoma.

"Huyu aliota nini, dada?" aliuliza vidole vyao vilipokutana.

Taratibu alifikiri mpaka wakaachana na kukutana tena. "Aliota yuko shuleni, hana viatu."

"Maskini. Na huyu?"

"Huyu hakuota. Alikoroma tu."

"Basi mkewe ndiye aliyeota. Aliota amekuwa mjane."

Palikuwa pia na desturi moja ambayo haikubandikwa ukutani, ila ilishikwa kuliko zote zilizobandikwa. Mtu akipatwa na dharura, pacha wake alimchukulia zamu; naye, ili kazi ihesabiwe kuwa ya mwenye zamu, alivaa aproni ya mwenye zamu, iliyotariziwa jina kifuani. Tangu alipozifunga kamba za aproni ile, aliitikia jina lile. Msimamizi alijua, akafumba macho. Zamu hiyo ilikuwa deni, na deni hilo halikulipwa kwa fedha wala kwa asante. Aliyechukuliwa zamu alipaswa kusimama mwenyewe pale ambapo mwenzake alisimama kwa ajili yake.

Ilikuwa desturi njema, na ndani ya wema wake kosa lilipata mahali pa kujificha.

Katikati ya kipupwe kile, gari la kliniki liliegeshwa uani, kati ya kamba za mashuka. Wauguzi walikuwa wamekuja kuwapima wanawake wa kiwanda saratani ya mlango wa kizazi. Muuguzi mkuu, mwanamke mwembamba ambaye miwani yake ilining'inia shingoni kwa kamba, alipanda juu ya kreti la sabuni akaeleza. Ugonjwa huu, alisema, hauji kwa kishindo. Huanza na mabadiliko madogo yasiyouma, hukaa hivyo kwa muda mrefu, na anayeyakuta mapema huweza kuyaondoa kabla hayajawa kitu. "Tunachukua ute kidogo kwa kijiti laini, basi. Hata chai yako haitapoa."

"Mimi huinywa ikiunguza!" alijibu Pasi kutoka nyuma, na ukumbi mzima ukacheka.

Lakini zamu yake ilipokaribia, kicheko kilimkauka. Jambo ambalo hapana mtu kiwandani aliyelijua ni kwamba Pasi, aliyemwogofya kila mtu, alikiogopa kitanda cha kupimiwa kilichokuwa mle garini. Alipokuwa mtoto, mama yake mkubwa aliugua katika chumba cha nyuma cha nyumba yao. Hakuyakumbuka maumivu ya mgonjwa, aliikumbuka minong'ono. Siku moja watu wazima walirudi kutoka hospitali, na tangu siku hiyo nyumba nzima iliongea kwa pumzi. Vijiko viliwekwa mezani kama mayai. Mtoto aliyecheka alibanwa mdomo. Mama mkubwa, ambaye zamani alicheka mpaka kuku wakatawanyika, aliisikia minong'ono ile kupitia ukutani, naye akajifunza kunong'ona, kisha akanyamaza. Katika akili ya Pasi si ugonjwa uliomuua: walimnong'onea mpaka akaisha.

Alimvuta Taratibu nyuma ya rafu za foronya.

"Dada, ingia badala yangu."

"Wapi?"

"Mle garini. Chukua zamu yangu."

"Pasi, ile si kazi. Ule ni mwili."

"Zamu ni zamu. Wewe huogopi kitu. Wewe hata nyoka akikuuma, utamwomba awe na subira."

"Na zamu yangu je?"

"Yako utaingia mchana. Utapimwa mara mbili, uwe na uhakika maradufu. Nani mwingine ana bahati hiyo?"

Taratibu alipaswa kukataa, naye alilijua hilo. Lakini mikono ina mazoea yake. Kabla hajamaliza kufikiri, alikuwa ameivua aproni yake na kuifunga ya Pasi, na muuguzi alipolisoma jina lile kifuani na kuliita, aliitikia kama alivyozoea kuitikia. Jina likaandikwa. Namba ya simu, iliyotolewa na ofisi, ilikuwa ya Pasi. Mchana, zamu ya Taratibu mwenyewe ilipofika, muuguzi yuleyule alikuwa amesimama mlangoni, na safari hii miwani ilikuwa machoni. Kwa kuhofia kutambuliwa, Taratibu alisema kwamba tumbo linamsokota, atapimwa mwakani. Jioni gari likaondoka.

"Unanidai zamu," alisema Pasi, akijaribu kufanya mzaha.

"Ninakudai," alijibu Taratibu, "na si nyepesi."

Simu ililia baada ya majuma kadhaa, wakati wa mapumziko ya asubuhi, Pasi akiwa ameketi peke yake uani na kikombe chake cha chai. Muuguzi alimwita kwa jina lake, akamwuliza kama yuko mahali pazuri pa kuongea.

"Tumeona mabadiliko tusiyopenda kuyaacha," alisema. "Usiogope, mama, huenda bado ni mapema. Lakini njoo upesi, tuchukue kinyama kidogo kikachunguzwe."

Na aliposema "usiogope", sauti yake ilishuka.

Uani kulikuwa na upepo mwepesi. Mashuka yaliyoanikwa yaliinuka yote kwa pamoja, kama watu walioketi kwa muda mrefu ambao sasa wanataka kuondoka, kisha yakatulia. Pasi alijiwekea kiganja tumboni. Kwa muda ambao hakuweza kuupima, alikuwa yeye ndiye mgonjwa: alikiona chumba cha nyuma, aliviona vijiko vinavyotua bila mlio, aliwaona wanawe wakitembea juu ya vidole vya miguu. Halafu akakumbuka. Hakuwa yeye aliyelala kitandani pale.

Furaha ndiyo iliyomjia kwanza, na hilo ndilo lililomwelemea baadaye kuliko mengine yote. Ilikuwa furaha tupu, ya mtoto aliyekwepa kofi. Ndipo akageuka akaona kofi limetua wapi.

Hakusema siku ile, wala siku iliyofuata. Alijiambia kwamba anatafuta maneno. Walikunja pamoja kama kawaida, na kila vidole vyao vilipokutana, alimtazama mwenzake usoni kana kwamba ugonjwa ungeonekana hapo, kama doa la kahawa. Muuguzi alipiga tena. Pasi aliitazama simu ikitetemeka mezani mpaka ikachoka.

"Leo huongei," Taratibu alimwambia. "Umemeza kijiko?"

"Sijameza."

"Haya, huyu aliota nini?"

Pasi aliutazama mvuke. Mashine ya pasi ilikuwa imepumua kwa nguvu, na ukumbi wote ulijaa weupe. Taratibu alikuwa akirudi nyuma na pembe zake mbili, hatua kwa hatua, naye akafifia. Shuka likaonekana kurefuka, likarefuka bado, kama njia nyeupe isiyo na mwisho, na upande wa pili hakukuwa na mtu ila mvuto mdogo tu, mvuto wa mikono anayoijua, unaozidi kuwa mwepesi. Pasi alivuta. Kutoka ndani ya weupe ule, kitu nacho kikamvuta.

Waliposogeleana, alisema kwa sauti ndogo, "Muuguzi alipiga simu."

"Nini?"

"Muuguzi!"

"Sema kwa sauti, mashine zinanguruma!"

Wakaachana, wakasogeleana. "Wamepiga simu! Kipimo si kizuri!"

Uso wa Taratibu ulisawijika. Aliziachia pembe zake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaishika mikono ya Pasi yote miwili. "Pole sana, mdogo wangu. Pole. Tutakwenda wote, unasikia? Nitakaa nje ya mlango mpaka utoke."

Alikuwa amesahau. Aproni aliyoivaa kwa kitambo kile kifupi ilikuwa imemtoka akilini kabisa, naye alikuwa akimpa pole mtu mzima wa afya kwa ugonjwa uliokuwa ndani ya mwili wake mwenyewe. Pasi hakuweza kulivumilia hilo. Alipiga ukelele, kwa sauti ileile ambayo msimamizi huitumia badala ya kengele:

"Si mimi, dada! Ni wewe! Aliyelala kitandani ni wewe!"

Ukumbi wote ulisikia. Shuka lilikuwa limeanguka sakafuni, na pacha wote, pembe mkononi, walisimama mahali walipokuwa. Aliyesogea wa kwanza ni Bibi Sabuni, mzee wa mapipa, aliyekuwa amefua kiwandani pale tangu mashine zilipokuwa mikono ya watu.

"Mbona mmesimama kama sanamu?" alisema. "Wewe, okota shuka. Na wewe mwingine, vaa viatu vyako, uende hospitali. Kulia mtalia njiani, kuna nafasi."

Muuguzi mkuu aliwasikiliza hadi mwisho, kisha akaivua miwani yake na kuifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Nimewahi kuona mtu akiazima kitambulisho," alisema. "Nimeona anayeazima hata meno. Mwili ulioazimwa ndio wa kwanza." Alimfanyia Taratibu palepale yaliyopaswa kufanywa, kisha akamgeukia Pasi. "Na wewe mwenye aproni, lini?"

"Kesho kutwa," alijibu Pasi. "Kwanza yeye."

Majibu yalikuja, na picha zikapigwa. Daktari wa saratani, mwanamke mchanga mwenye mazungumzo ya polepole, aliwachorea kwenye karatasi. Ugonjwa ulikuwa umeanza, alisema, lakini ulikuwa bado mahali pake na haujatembea. Wakati huu ndio wa kuutibu, kwa mionzi na dawa ya dripu, na matumaini ya kupona yalikuwa makubwa. "Zamani mionzi ilikuwa kama taa ya ukumbi, ikimulika kizuri na kibaya. Mashine tuliyo nayo sasa hupiga picha kwanza kila siku, kisha mionzi hufuata umbo la ugonjwa, kama fundi anayekata kwa kufuata chaki." Aliweka kalamu chini. "Ina sharti moja, mama. Usikose siku. Ukiacha mapengo, ugonjwa nao hupata nafasi ya kupumua."

"Hatakosa," alisema Pasi.

Basi kiwanda kikaanza maisha mapya. Aproni ya Taratibu haikuonekana tena msumarini. Kila asubuhi mtu mwingine aliivaa, akasimama mbele ya Pasi, akaitikia jina la Taratibu kutwa nzima, ili mshahara wake usipungue. Waliivaa wembamba na wanene. Siku moja aliivaa msimamizi mwenyewe, na kwa kuwa kamba hazikufika mgongoni, alifungwa kwa uzi wa gunia. Alikunja vibaya mno. "Taratibu wa leo ana kitambi," alitangaza Pasi, "na mikunjo yake ni kama barabara ya milimani!" Ilifika hatua ambapo ukiliita jina la Taratibu katika mvuke ule, watu watatu waligeuka, na ilionekana kana kwamba yeye hakuondoka, bali alikuwa ameyeyuka na kuenea katika wote.

Jioni walimtembelea. Mumewe, ambaye Pasi alimwita shemeji, alikuwa amejifunza kupika supu nyepesi, na kila mgeni alilazimishwa kuionja na kuisifu. Sheria ya nyumba ile ilitungwa na Pasi: asiwepo mtu wa kunong'ona. "Ukitaka kunong'ona, nenda ukanong'one kwa jirani," alisema mlangoni kwa kila anayeingia. Kwa hiyo walimpigia Taratibu kelele, kama walivyozoea kuongea kazini, na walimletea ndoto za mashuka ya siku ile: mmoja aliota meno yake yamekuwa njugu, mwingine aliota anamfundisha mbuzi hesabu, na mbuzi akamsahihisha. Jirani alikuja kulalamika, akapewa supu.

"Mle ndani kukoje?" Pasi alimwuliza siku moja, akimaanisha chumba cha mionzi.

Taratibu alikuwa amelala, macho nusu yamefumbwa. Dawa ilimchosha, na siku nyingine hakuweza kumeza kitu. Lakini sauti yake ilikuwa ileile. "Kumetulia. Unalala, wote wanatoka, na mkono wa mashine unakuzunguka bila kukugusa, kama mtu anayetafuta pete iliyoanguka sakafuni. Mimi hufumba macho. Huona kwamba nimekuwa shuka. Naanikwa mahali peupe, na upepo unapita ndani yangu. Siumii. Nakauka tu." Aliyafumbua macho. "Na wewe? Ulipimwa?"

Pasi aliliona swali likija, kama mtu anavyoliona gari kwa mbali na bado asiondoke barabarani.

"Nilipimwa," alisema. "Safi kama foronya mpya."

"Alhamdulillahi," alisema Taratibu, akashusha pumzi ndefu. "Nilikuwa nimelibeba hilo kifuani." Na akalala usingizi kabla hajaiachia mikono ya mwenzake.

Uwongo huo ulikaa na Pasi kama punje ya mchanga ndani ya kiatu. Haukumzuia kutembea. Kila alipomsindikiza Taratibu hospitalini, alijipa sababu: leo foleni ni ndefu, leo mgonjwa wangu hawezi kuachwa. Chumba cha uchunguzi kilikuwa kwenye ukumbi mrefu wa hospitali, kikitazamana na chumba cha mionzi, na pazia lake la kijani lilipopeperuka, Pasi alikuwa na jambo la kutafuta mkobani.

Siku moja, matibabu yakiwa yamepita nusu yake, waliketi kwenye benchi la ukumbi ule. Taratibu alikuwa amekwisha kuvaa gauni la hospitali. Muuguzi mkuu alipita, akasimama.

"Mama Kesho Kutwa!" alimwambia Pasi. "Ni kesho kutwa ipi hiyo unayoingoja? Nimechoka kuitafuta kwenye kalenda."

Taratibu aligeuza kichwa, polepole kama alivyogeuza kila kitu.

"Pasi."

"Dada."

"Uliniambia umepimwa."

"Nilitaka utibiwe na moyo mwepesi."

Mlango wa mionzi ukafunguka, na mtaalamu wa mashine, bwana mwenye ndevu za mvi, akatoa kichwa. "Mama, tuko tayari."

"Ngoja kidogo, mwanangu," alisema Taratibu, ambaye kwa hakika alikuwa mdogo kwake kwa umri. "Kuna mtu ananilipa."

"Anakulipa nini?"

"Zamu."

Pasi alicheka, kisha akaona kwamba amecheka peke yake. "Zamu gani? Dada, mimi ndiye niliyeivaa aproni yako kuliko mtu yeyote!"

"Ile ni hisani. Msimamizi naye aliivaa, na hatudaiani. Mimi ninakudai zamu ya kitanda. Nililala pale kwa jina lako. Lala sasa kwa jina lako mwenyewe, nami nitaingia."

"Daktari alisema usikose siku."

"Alisema. Nilikuwepo."

"Mashine ina foleni! Watampisha mwingine!"

"Mimi sina haraka," alisema Taratibu. "Unajua ninavyoitwa."

Mtaalamu aliitazama saa ya ukutani. Alisema, kwa adabu, kwamba anaweza kusubiri kidogo, si sana. Baada ya hapo itabidi wamwite mgonjwa anayefuata, na nafasi nyingine leo haipo. Pasi alisimama, akaketi, akasimama tena.

"Huu ni ukorofi!" alisema. "Unataka kujiua ili kunitisha?"

"Nataka kupona. Lakini nikipona, na wewe una kitu ndani usichokijua, nitakunja na nani? Niwe pacha na msimamizi, na lile tumbo?"

Ukumbi ule ulikuwa mweupe, na mwanga wa dirisha la mbali uliulowesha kama maziwa. Ilionekana kwa Pasi kwamba unarefuka, kama shuka lile, na kwamba mwishoni, nyuma ya pazia la kijani, kulikuwa na chumba cha nyuma cha nyumba ya utoto wake, na watu ndani yake wakimngoja kwa midomo iliyokaribia masikio.

"Si kitanda ninachokiogopa," alisema mwishowe. "Naogopa watakavyoongea."

"Kina nani?"

"Wote. Wakiona kitu. Watashusha sauti. Watanifanya niwe mtu wa kunong'onewa."

Taratibu alimtazama kwa muda, na tabasamu likaanza kwenye pembe moja ya mdomo wake, likachukua muda wake kufika upande wa pili.

"Nitazame, Pasi. Mimi ni mgonjwa, sivyo?"

"Ndiyo."

"Nimenong'onewa na nani? Tangu ugonjwa huu uanze sijapata usingizi wa mchana kwa makelele yenu. Bibi Sabuni ananipigia kelele. Shemeji yako, mtu ambaye hata kuomba chumvi huona haya, siku hizi anafoka kama kondakta. Nani aliyewafundisha?"

Pasi aliiinamia sakafu.

"Basi unafikiri kwamba wewe ukiugua, watu hao watajua kunong'ona? Wamekwisha sahau."

Mtaalamu alikohoa. "Mama, samahani sana. Nikifunga mlango huu, nitamwita mwingine."

Mkono wake ulikuwa kwenye kitasa. Pasi aliutazama mkono ule, akamtazama Taratibu, aliyeketi na gauni lake la hospitali, miguu imetulia sakafuni, kama mtu anayengoja chai. Alijua kwamba hatainuka. Katika miaka yote ya kusogeleana na kuachana, hakuwahi kumwona akiinuka kabla ya wakati wake.

"Usifunge!" alisema, na sauti yake ikaenda mpaka dirishani na kurudi. "Anaingia sasa hivi. Muuguzi! Uko wapi wewe na kijiti chako?"

Alivuka ukumbi. Zilikuwa hatua chache, naye alizitembea kama mtu anayetembea majini. Nyuma ya pazia kulikuwa na kitanda chembamba, taa, na kiti cha muuguzi, basi. Hapakuwa na mtu mwingine. Muuguzi mkuu aliivaa miwani yake, akachukua kalamu.

"Jina?" aliuliza, ingawa alilijua vizuri.

Pasi alilitaja jina lake, la baba yake na la babu yake, kwa sauti ambayo ukumbi mzima uliisikia. Upande wa pili, alisikia kandambili zikivaliwa, mguu mmoja, kisha mwingine, na hatua zikiburutwa kuelekea mlango wa mionzi, bila haraka yoyote. Kisha mlango ule ukafungwa.

Ndipo akapanda kitandani, akalala chali, akakunja magoti kama alivyoelekezwa, na akamwambia muuguzi aanze.